Hukuniuliza Nilisimama Wapi

Watu walikuwa wamebanana mbele ya mkanda wa mizigo wa uwanja wa ndege, kila mmoja amenyoosha shingo kutafuta chake. Mtoto analia, mwanamume mmoja anagombana na simu yake, toroli zinagonga watu visigino. Ndipo ikatokea fimbo. Ndefu, imefungwa magazeti, imelala peke yake juu ya mkanda kama mgonjwa anayepelekwa kupasuliwa.

Mikono miwili ikaidaka kwa pamoja.

"Samahani kaka, hiyo ni yangu."

"Samahani dada, hiyo ni yangu mimi."

Dada huyo alivaa gauni la kijani lililopauka kwa kufuliwa, kitambaa cha manjano kichwani, na viatu bapa ambavyo udongo wa msituni ulikuwa haujaamua kuviacha. Kaka alivaa shati jeupe lililokunjwa hadi viwikoni, limenyooshwa vizuri mbele, nyuma limekunjamana kwa kukaa kwenye ndege. Wakavutana. Hakuna aliyetaka kuachia, na watu wakaanza kucheka.

"Ya nini hii fimbo?" aliuliza yule kaka. "Unakwenda kuchunga?"

"Na wewe ya nini?"

"Nimeuliza mimi kwanza."

Binti akainua kidevu. Alilelewa na shangazi yake, na nyumbani kwa shangazi huyo swali lolote gumu lilijibiwa kwa njia moja tu.

"Kitendawili."

"Tega!" alisema kaka, bila kufikiri.

"Sina mguu, sina jicho, lakini popote niendapo nakukuta kifuani."

Kaka akakuna kichwa. Akatazama dari. Akatazama viatu vya binti.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa mji ninakotoka. Wote, na mitaa yake na foleni zake."

"Nimeupokea. Nimekwenda, nimetembea, nimerudi. Jibu ni fimbo hii hii, mwenye kichwa kigumu wewe. Ya kupimia miti. Inafika usawa wa kifua."

Wakati huo mkanda ukaleta fimbo ya pili, nayo imefungwa magazeti. Kaka akaichukua, akachana karatasi, akaonyesha alama ya mradi iliyochongwa kwenye mti wake. Ilikuwa ile ile iliyo kwenye fimbo ya binti.

"Ulijua!" Binti alimpiga begani kwa mkoba. "Ulijua jibu!"

"Nilitaka uchukue mji."

Wakazisimamisha fimbo zote mbili sakafuni, ubavu kwa ubavu. Zilikuwa sawa kama mapacha. Wakaangaliana, wakacheka, na binti akajikuta anacheka zaidi ya ilivyostahili.

Mradi wenyewe ulikuwa wa nchi tano. Wataalamu wa misitu walikuwa wamekubaliana kutafuta jibu la swali moja: miti ya milimani inanenepa kwa kasi gani, na mtu akivuna mmoja leo, asubiri miaka mingapi kabla ya kuvuna mwingine bila kuumaliza msitu. Binti alikuwa mpimaji wa taasisi ya kwao. Miti yote ya mlima ule wa hifadhi ilikuwa mikononi mwake. Kaka alikuwa mtu wa takwimu, kwao ng'ambo ya mpaka, mahali palipokuwa makao makuu ya mradi. Namba za nchi zote tano zilipita mezani kwake. Alikuja kwa wiki chache kuona namba hizo zinazaliwaje, na pale ofisini wakampa jina la Mgeni. Yeye naye akambatiza binti: Mpimaji. Majina hayo yaliwakaa.

Siku moja Mpimaji alimpeleka mlimani. Hifadhi ile ilikuwa chanzo cha maji ya mji, na walinzi wake hawakutaka rangi wala msumari uguse mti. Kwa hiyo kila kipimo kilianza upya: unasimamisha fimbo ardhini kando ya mti, unaona ncha yake inapoishia, hapo ndipo unapozungusha utepe. Mpimaji alifanya hivyo mti baada ya mti, anapanda na kushuka mtelemko kama mbuzi. Mgeni alikaa juu ya jiwe, anatafuna karanga, anatazama.

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Napima."

"Unapima nini?"

"Sijakipatia kipimo chake."

Mpimaji akamfuata pale jiweni, akamzungushia utepe kifuani, akasoma huku amebana midomo asicheke.

"Unene wa kuridhisha. Shina limenyooka. Matawi mafupi kidogo."

"Nitavunwa lini?"

"Huu hauvunwi," alisema taratibu, na utepe hakuutoa upesi. "Huu ni wa hifadhi."

Mgeni alirudi kwao, lakini hakuondoka. Kila jioni simu iliita. Mpimaji aliishi na shangazi yake, fundi cherehani, kwenye nyumba ya vyumba viwili ambayo nusu yake ilikuwa vitambaa. Alikuwa akikaa kwenye ngazi ya nyuma, simu sikioni, kidole kinachora mchangani.

"Mji wangu unakusubiri," Mgeni alikuwa akisema. "Hata leo umeniuliza habari zako."

"Uambie namalizia kupima miti kwanza."

"Miti haikimbii."

"Na wewe unakimbia?"

"Mimi nimepandwa, mpenzi. Wewe ndiye ulinipanda."

Shangazi aliyasikia yote kupitia dirishani, maana cherehani ilikuwa inanyamaza kila mazungumzo yanaponoga.

"Mwambie kwetu hatuolewi kwa simu!" alipaza sauti siku moja.

"Shikamoo Shangazi!" Mgeni alijibu kutoka ndani ya simu.

"Marahaba. Shikamoo haijengi nyumba. Njoo na wazee wako."

Akaja na wazee wake. Wakazungumza, wakakubaliana, wakapanga siku, baada ya msimu wa kiangazi. Shangazi akatoa sandukuni kitambaa cheupe alichokificha tangu Mpimaji akiwa darasa la tano. Akaanza kushona bila kuulizwa.

Sasa, mradi ulikuwa na utaratibu wake wa kukaguana. Kila nchi ilipelekewa wapimaji wa nchi nyingine, wapime tena, ili asiwepo wa kujitungia namba. Mlima wa Mpimaji ulipewa wapimaji wa nchi ya Mgeni. Walikuja yeye akiwa mafunzoni mji mwingine. Walipanda na fimbo yao, wakapima miti yote, wakaenda zao. Kiangazi kilipofika Mpimaji akapima miti ile ile, akatuma namba zake makao makuu, akarudi kujaribishwa gauni.

Mgeni alizifungua namba hizo Jumatatu asubuhi, chai bado ya moto. Akazisoma kando ya zile za wakaguzi. Akasogeza kiti. Akazisoma tena.

Miti ya bondeni ilikuwa imenenepa kidogo, kama inavyotakiwa. Miti ya mtelemkoni ilikuwa imekonda. Yote. Na mti haukondi. Mti una kiangazi chake na magonjwa yake, lakini haufungi mkanda kama mtu aliyefiwa.

Alifahamu watakachosema wenzake: huyu binti hakupanda mlima, alikaa ofisini akajaza namba za kichwani. Alifahamu pia kanuni, kwamba anayeona namba za namna hiyo anaipelekea kamati taarifa papo hapo. Akainua simu ampigie. Akaiweka. Kamati yote ilijua ni mchumba wake. Akimpigia kwanza, watasema amemtonya, na neno lake halitapata wa kuliamini tena. Nikiandika kama ninavyoandika kuhusu mtu yeyote, alijiambia, ukweli utamsafisha wenyewe. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Chini ya hilo palikuwa na jingine ambalo hakulisema hata kimoyomoyo: aliogopa kumwuliza, kwa sababu aliogopa jibu.

Akaandika. Akatuma. Chai ilikuwa imepoa.

Jioni akapiga simu saa zile zile.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, na Shangazi amenichoma pini mgongo mzima. Anasema nikipumua gauni linaharibika."

"Limefika wapi?"

"Limefika magotini. Linashuka." Mpimaji akaacha kuchora mchangani. "Mbona sauti yako iko chini leo?"

"Nimechoka tu."

"Lala basi, mti wangu."

"Na wewe, mpenzi. Lala."

Ijumaa Mkurugenzi wa taasisi alimwita Mpimaji. Alikuwa mzee mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na siku hiyo hakumtazama usoni.

"Kaa, binti yangu. Kamati imenitaka nikuweke pembeni mpaka jambo hili liangaliwe. Miti yako imekonda."

"Imekonda vipi, mzee?"

Akamweleza. Mpimaji alisikiliza, mikono imeshika ukingo wa kiti.

"Nilipima kila mti kwa mkono wangu. Muulize mtu wa takwimu kule, ananijua. Yeye atawaambia."

Mkurugenzi alivua miwani.

"Ndiye aliyeandika taarifa, mwanangu. Nilidhani amekuambia."

Binti alitoka. Kwenye korido wenzake wawili walikuwa wanamngoja na utani, na yule mmoja mwenye mdomo akautoa: "Dada, ile miti yako ni ya kweli au inajiandaa na harusi? Maana naona inapunguza mwili!" Kicheko kikapita kwenye korido kama maji ya kumwagwa. Mpimaji hakugeuka.

Kwenye ngazi ya nyuma, siku hiyo, ni yeye aliyepiga.

"Ulituma lini?"

Mgeni hakujifanya haelewi. "Jumatatu asubuhi."

"Jumatatu jioni ulinipigia."

"Nisikilize, mpenzi. Kanuni..."

"Niliomba ulale, nikakuita mti wangu. Ulinisikiliza nikisema, na ulikuwa umeshatuma."

"Ningekuambia, wangesema nimekutonya. Nilifanya kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu? Neno moja tu ningetaka. Ungeuliza: ulipimaje? Kama anavyouliza mtu asiyenijua. Hata huyo angeuliza."

"Ulipimaje?"

Cherehani ndani ilikuwa imenyamaza.

"Umechelewa," alisema Mpimaji, na akakata.

Simu iliita jioni ile na jioni zilizofuata. Aliiacha iite juu ya meza, katikati ya vipande vya kitambaa cheupe, mpaka Shangazi akaifunika kwa mto. Gauni lilibaki limeishia chini ya magoti.

Mwezi ukapita, na mwingine. Mpimaji aliomba ruhusa ya kupanda mlimani. Si kwa kazi, hakuwa na kazi. Alitaka kuiona tu miti iliyomsaliti. Mlinzi wa hifadhi akamfungulia. Akachukua fimbo yake na utepe, akapanda. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na majani yaliyooza chini yalikuwa laini kama sabuni.

Kwenye mti mkubwa karibu na lile jiwe la karanga, akasimama alipozoea kusimama, upande wa juu wa mtelemko, kama alivyofundishwa chuoni. Akasimamisha fimbo. Mguu ukateleza. Akaanguka kwa makalio, akabiringika kupita shina, akaishia upande wa chini, tope mpaka kwenye nywele, fimbo bado mkononi. Akaikita ardhini ajiinue.

Akatazama ncha yake.

Ilikuwa inagusa shina chini sana. Pale alipozoea kuzungusha utepe palikuwa juu ya kichwa chake, na hapa ncha ilipoishia, mti ulikuwa mnene. Kila mti ni mnene zaidi kuelekea mizizi. Akauzungusha utepe. Akasoma. Ilikuwa namba ya wale wageni. Akaenda mti mwingine, akasimama upande wa chini. Namba yao. Mwingine. Namba yao.

Hawakudanganya wale, wala yeye hakudanganya. Wao walifundishwa kusimama chini ya mti, yeye alifundishwa kusimama juu. Bondeni hakuna juu wala chini, ndiyo maana miti ya bondeni ilikubali. Akakaa kwenye tope akacheka peke yake mpaka kicheko kikageuka, na mlinzi aliyesikia kutoka mbali alidhani kuna msiba.

Alipopeleka namba hizo, kamati iliitisha kikao, nchi zote tano, kila moja kwenye kijidirisha chake cha kompyuta. Profesa mkuu wa mradi akawauliza mmoja mmoja: kwenye mtelemko, mnasimamisha fimbo wapi? Juu, ikajibu ya kwanza. Chini, ikajibu ya Mgeni. Juu. Chini. Juu.

Profesa alishika kichwa. "Tuligombana mwaka mzima kuhusu urefu wa fimbo," alisema. "Hakuna aliyeuliza isimamishwe wapi."

Wakaandika kanuni moja, upande wa juu kwa wote. Wakamwomba Mpimaji radhi mbele ya watu, wakamrudisha kazini, wakamtaka afundishe kanuni hiyo kwenye nchi nyingine nne. Yule mwenye mdomo wa korido alimletea soda. Kwenye kijidirisha kimoja, kaka wa shati jeupe alikuwa ameinamisha uso tangu mwanzo hadi mwisho.

Alikuja Jumamosi, jua likiwa limeelemea magharibi, begi moja begani. Shangazi alimkuta getini.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Umekonda kuliko ile miti." Akampisha. "Pita. Yuko nyuma. Mimi nashona, sisikii kitu."

Mpimaji alikaa kwenye ngazi yake, gauni la nyumbani, nywele zimefunguliwa nusu. Mgeni hakuthubutu kukaa. Alisimama mbele yake kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Nilikuona," alisema. "Hilo ndilo linaloniua. Siku ile nilikaa juu ya jiwe nikakuona na fimbo, mti baada ya mti. Jibu lilikuwa machoni mwangu. Mtu pekee katika ofisi nzima aliyekuona ukipima ni mimi."

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Uso wako."

Mpimaji akainamisha kichwa. Alipokiinua, macho yalikuwa yamejaa lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Jumatatu ile uliniuliza kama nimekula. Uliniuliza gauni limefika wapi. Hukuniuliza nilisimama wapi."

"Nilikosa. Sina neno lingine. Nilikosa, na nimekuja kuomba. Siku ya harusi ipange wewe. Kazi ile nitaiacha, nihamie huku, nipime miti chini yako, unisimamishe unapotaka."

"Nakupenda," alisema Mpimaji.

Uso wa Mgeni ukafunguka.

"Usifurahi. Nakupenda, sijaacha, na sijui nitaacha lini. Lakini nimejaribu kujiona mkeo. Naona jioni, umekaa mezani, umenyamaza kidogo. Watu wote hunyamaza. Mke mwingine atadhani umechoka. Mimi nitajiuliza umeandika nini kunihusu asubuhi. Nitajiuliza kila siku, na wewe utaniona nikijiuliza. Tutakonda sote wawili."

"Nipe muda."

"Nimejipa. Ndio huo, ulipokuwa ukipiga simu."

Cherehani ilikuwa haijapigwa hata mshono mmoja. Kwenye nyumba ya jirani mtu alikuwa anaosha vyombo, sufuria zinagongana. Mgeni alijifuta uso kwa kiganja, akaweka begi begani.

Mpimaji alifunga kitambaa chake cha manjano, akavaa viatu, akamsindikiza mpaka getini. Teksi ilikuwa inasubiri, mlango wazi. Alipokwisha ingia na kushusha kioo, binti akainama dirishani, mkono kwenye chuma cha gari.

"Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Alikuja na begi moja. Akaondoka na begi lile lile. Nyumba ikabaki tupu."

Dereva mwenyewe alijua jibu ni mgeni. Alitazama usukani.

"Nimeshindwa," alisema Mgeni.

"Nipe mji."

Akamtazama muda mrefu, kitambaa cha manjano, tope lile lile kwenye viatu.

"Nilikupa pale kwenye mizigo," alisema. "Sina mji mwingine."

Gari likaondoka. Mpimaji alisimama mpaka vumbi likatulia, kisha akarudi ndani. Shangazi alikuwa ameweka gauni jeupe magotini na kuanza kufumua pindo, uzi mmoja mmoja, pole pole, kitambaa kisichanike.

"Alishindwa kweli?" aliuliza bila kuinua macho.

"Alijua, Shangazi. Na siku ile ya fimbo pia alijua."

"Na mji aliokupa? Mtu akipewa mji huenda akautazama, ndipo arudi aseme jibu."

Mpimaji akakaa kando yake, akashika upande wa pili wa pindo ili uzi utoke kwa urahisi.

"Nilikuwa nimefika getini kwake, Shangazi," alisema. "Nilikuwa nimeshanyoosha mkono nibishe hodi."